Tangi la samaki la mtumba: ukiziba kipande, jiandae kudeki

Najua nimepotea, karibu wiki tatu sijaandika kitu hapa, na wengine mmeshaanza kuniuliza koridoni kama nimedisko. Sijadisko jamani, bado nipo nipo sana. Nilikuwa na kesi na maji. Leo naandika kuhusu tangi la samaki la mtumba, na kabla hujasema huyu dada kakosa cha kuandika, naomba unisikilize kwanza, manake jambo lenyewe limekula hela ya bumu, limekula usingizi, na kidogo litupige shoti mimi na mwenzangu wa chumbani.

Tuanze mwanzo. Kwenye TP iliyopita nilikuwa nafundisha Bailojia kidato cha pili, shule moja ya kata hapa Dar. Siku hiyo mada ni upumuaji wa samaki. Nimejiandaa, nimechora samaki wangu kwenye manila, matamvua nimeyapaka rangi nyekundu, napendeza mwenyewe. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, samaki mbona anafungua mdomo muda wote, anakunywa maji hayo yote yanaenda wapi?" Nikaeleza kwamba hanywi, maji yanaingia mdomoni yanapita kwenye matamvua, oksijeni inachukuliwa, maji yanatokea pembeni. Nikaonyesha na mshale kwenye manila. Darasa kimya. Yule binti akasema ndiyo mwalimu, lakini macho yake yalikuwa yanasema hapana. Nikajikuta nimeropoka: nikirudi nitawaletea samaki mzima mumwone mwenyewe.

Ahadi kwa mtoto wa shule ni deni, hasa ukiwa ndiyo kwanza unajifunza ualimu. Bumu lilipoingia nikaanza kutafuta. Fundi vioo aliniambia kutengeneza jipya la ukubwa ninaoutaka ni 140,000. Nikamshukuru nikaondoka taratibu. Baadaye nikampata jamaa anayehama nyumba, anauza tangi lake 50,000. Urefu sentimita 80, upana 30, kimo 40. Lilikuwa limekaa kavu stoo zaidi ya mwaka. Nikamuuliza, kaka, halivuji? Akajibu, "Dada yangu, hili halina shida kabisa, samaki wangu walikaa humu miaka." Sikumwambia alijaze maji nione. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na ni langu, sio lake.

Nikalileta hosteli kwa bajaji, 7,000. Jioni hiyo hiyo, kwa kiherehere, nikalijaza mpaka juu na ndoo, nikaliacha sakafuni karibu na meza ya kusomea, nikalala nikiwa na furaha zangu. Saa tisa usiku nasikia mwenzangu anapiga kelele: "Wee! Amka, tunaogelea!" Kashuka kitandani, mguu chapwaa kwenye maji. Na maji yale yalikuwa yanatambaa polepole kuelekea kwenye ekstensheni iliyokuwa sakafuni ina chaji za simu mbili na laptopu. Bahati yetu tulikumbuka kuzima swichi ya ukutani kabla ya kugusa chochote. Tulideki mpaka alfajiri. Mwenzangu siku mbili alikuwa ananijibu kwa ishara tu.

Sasa ndipo inapoanza hoja yangu ya leo.

Kila niliyemwuliza alinipa jibu moja: ziba panapovuja. Fundi aluminiamu wa pale barabarani aliliangalia sekunde tano akasema, "Dada, hii ndogo sana, tunapaka silikoni hapa konani kwa nje, umemaliza." Akapaka, nikampa 5,000. Kesho yake linavuja vile vile, na ile silikoni aliyopaka imejitenga kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Nikasema labda ni kwa sababu ya nje. Nikanunua silikoni yangu 8,000, nikapaka mwenyewe kwa ndani, kwenye kona ile ile, juu ya silikoni ya zamani. Likakaa siku tatu bila tone. Nikatangaza ushindi koridoni. Siku ya nne magazeti niliyotandika chini yameloa. Nikaivuta ile silikoni mpya kwa kucha, ikatoka yote kwa mkupuo mmoja, ndefu kama tambi, ile ya zamani ipo pale pale haina habari. Nilikaa chini nikacheka, kwi kwi kwi, manake kulia ningeongeza maji.

Maoni yangu ni haya: tangi la mtumba linalovuja haliwi na ugonjwa wa kona moja. Kona iliyovuja ni ile iliyotangulia tu. Kama hauko tayari kubandua silikoni yote ya ndani na kupaka yote upya kwa siku moja, bora usilinunue, au likae stoo uweke vitabu. Kuziba kipande ni kununua siku tatu za kujidanganya.

Na sisemi hivi kwa hasira tu. Sababu zipo, na nyingine tumezisoma wenyewe.

Sababu ya kwanza ni kemia. Silikoni ikishakauka haikubali kushikwa vizuri na silikoni nyingine. Ile mbichi inashika kioo safi kwa nguvu ya ajabu, lakini ukiipaka juu ya iliyokauka inakaa tu kama mgeni aliyekosa kiti. Ndiyo maana ya kwangu ilitoka nzima nzima. Sasa wewe unayepaka juu ya ya zamani, unategemea ishike nini?

Sababu ya pili ni fizikia ya O-level. Mgandamizo wa maji unategemea kina, na mgandamizo huo unasukuma kutoka ndani kwenda nje. Ukipaka kwa ndani, maji yanaikandamiza silikoni ikazidi kushika kioo. Ukipaka kwa nje, maji yanaisukuma itoke. Fundi wangu wa barabarani amezoea madirisha, ambako kazi ni kuzuia mvua isiingie, sio kuzuia lita 96 zisitoke. Simlaumu, kazi yake sio hii.

Hizo lita 96 nimezipata kwa 80 mara 30 mara 40, ugawe kwa 1,000. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo ni kilo 96, karibu mifuko miwili ya saruji, ndani ya sanduku la vioo lililoshikwa na gundi. Nikapiga hesabu nyingine iliyonitisha zaidi: maji yakijaa, kioo kile cha mbele peke yake kinasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 64. Yaani kama mtu mzima amekiegemea mchana na usiku. Ukijaza nusu tu, sentimita 20, nguvu hiyo inashuka mpaka kilo 16, robo yake, sio nusu yake. Ndiyo maana tangi linaweza kukaa vizuri likiwa nusu na kukuaibisha likijaa. Na ndiyo maana ya kwangu ilipokaa siku tatu, sikutakiwa kutangaza chochote.

Sababu ya tatu: mahali unapoona tone sipo lazima mahali maji yalipoingia. Maji yanaweza kupenya upande mmoja, yakatembea chini kwa chini kati ya silikoni na kioo, yakatokea kona nyingine kabisa. Unaziba mlango wa kutokea, wa kuingilia uko wazi.

Basi Jumamosi moja nikajifunga kanga, nikalitoa tangi varandani, nikaanza upya. Nawaelezea nilivyofanya, manake najua kuna wenzangu hapa wana ndoto kama yangu na bumu dogo kama langu.

Kwanza, jua kuna silikoni za aina mbili ndani ya tangi. Ipo ile nyembamba iliyo katikati ya kioo na kioo, hiyo ndiyo inayoshikilia tangi lisimame. Halafu ipo ile iliyopakwa kwa ndani kwenye pembe zote, hiyo ndiyo inayozuia maji. Unabandua hiyo ya pili tu. Ile ya kwanza usiiguse, wembe usiingie kati ya vioo hata kidogo. Ukiiangalia ukaona ina mapovu makubwa, ina uwazi, au vioo vinacheza ukivisukuma, hiyo kesi ni nyingine: tangi lifunguliwe lote ligundishwe upya na mtu anayejua. Langu kwa bahati lilikuwa zima hapo.

Pili, kubandua. Hapa ndipo watu wanapokimbia, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Nyembe za 1,500, saa nne nzima za kukwangua, mgongo unauma, vidole nimevifunga plasta viwili. Spiriti haiyeyushi silikoni iliyokauka, msidanganyane, ni wembe na subira. Kioo kikiwa na utando wa zamani hata mwembamba usioonekana, ukipitisha kidole utausikia unakwama kama mpira. Kwangua mpaka kidole kiteleze. Halafu ndiyo ufute na spiriti ya duka la dawa (3,000) kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, uache ikauke kabisa. Baada ya hapo usiguse kwa kidole, mafuta ya mkono yanaharibu.

Tatu, silikoni yenyewe. Iwe silikoni tupu, asilimia 100. Zile zilizoandikwa za bafuni zenye dawa ya kuzuia ukungu usichukue, dawa ile ile inayoua ukungu inaweza kuua samaki wako. Wala usichukue zile za kujazia nyufa zinazopakwa rangi juu, hizo sio silikoni. Ile inayofaa mara nyingi utaijua kwa harufu: inanuka siki. Na wenzangu wa Kemia mnajua kwa nini, inapokauka inachukua unyevu wa hewani na kutoa asidi ya asetiki, ambayo ndiyo asidi iliyomo kwenye siki. Fanyia kazi mahali penye hewa, macho yatawasha. Tubu moja ya 8,000 ilinitosha na ikabaki. Pembe zote za ndani ukizijumlisha ni sentimita 380 tu.

Nne, kupaka. Nilibandika tepu ya karatasi ya wapaka rangi (2,500) pande zote mbili za kila pembe, nikiacha karibu sentimita moja kila upande, ili mstari utoke umenyooka. Halafu pembe zote nane, nne za kusimama na nne za chini, zinapakwa kwa mkupuo mmoja bila kwenda kunywa chai. Ukipaka leo mbili na kesho mbili, kesho unapaka mbichi juu ya kavu, umerudi kule kule kwenye kosa langu la kwanza. Dakika chache tu juu panaanza kufanya ngozi, kwa hiyo sawazisha kwa kidole kilicholowa maji kidogo, mara moja, usirudie rudie, halafu vuta tepu hapo hapo ikiwa bado mbichi. Mwenzangu wa chumbani ndiye alikuwa anashika taa ya simu na kuvuta tepu. Ndiyo, alishanisamehe, ila alisema hii ni mara ya mwisho.

Tano, kungoja. Hii ndiyo ngumu kuliko kukwangua. Silikoni inakauka kutoka nje kwenda ndani, kwa hiyo ukiigusa juu imekauka, ndani bado ni uji. Watu wanaongelea saa 24 au 48. Mimi niliipa siku saba nzima, mpaka harufu ya siki ikaisha kabisa. Kila siku nilikuwa napita naiinamia nainusa kama kichaa, majirani wakanizoea.

Sita, kupima. Usipimie chumbani na usipimie karibu na umeme. Sakafu iwe imenyooka, nilimwazima fundi ujenzi pima maji yake nikahakikisha. Chini nikatandika kipande cha lile povu jeupe linalofungiwa TV dukani, ili kokoto moja isije ikapasua kioo cha chini, halafu magazeti kuzunguka. Nikajaza nusu, siku moja. Kavu. Nikajaza mpaka juu, nikabandika kipande cha tepu usawa wa maji. Maji yakishuka kidogo lakini magazeti ni makavu, hayo yamekwenda angani tu. Magazeti yakiloa, rudi kwenye wembe.

Leo ninapoandika ni siku ya tano limejaa. Magazeti yamekauka mpaka yanasomeka.

Sasa kuna hoja za wapinzani wangu, na mimi mtu wa haki nazitaja. Wa kwanza wanasema, ungenunua jipya. Haya, tupige hesabu mezani. Mpaka sasa nimetumia 85,000 jumla na bajaji. Kati ya hizo, 13,000 ni za ujinga: 5,000 ya kupaka nje na 8,000 ya kupaka juu ya kavu. Kama ningefanya sawasawa tangu siku ya kwanza, ningemaliza kwa 72,000, karibu nusu ya jipya. Kwa hiyo mtumba unalipa, ila unamlipa yule anayeingiza kwenye bei gharama ya kuliziba lote na siku kumi za kungoja. Anayehesabu 50,000 peke yake ameshapigwa kabla hajafika nyumbani.

Wa pili wanasema, si ungewapelekea samaki kwenye beseni? Hii hoja ina uzito na niliifikiria. Lakini kwenye beseni utamwona samaki mgongo. Swali la yule binti linajibiwa kwa kumwangalia samaki ubavuni, mdomo unafunguka, kifuniko cha matamvua kinafuata, moja mbili, moja mbili. Mtoto anahesabu mwenyewe kwa dakika. Hapo unahitaji kioo.

Wa tatu ndio wanaoniudhi, wanasema kufuga samaki kwenye kioo ni mambo ya kizungu. Jamani! Samaki wa Ziwa Tanganyika na wale mbuna wa Ziwa Nyasa wanapambwa kwenye matangi ya watu Ulaya na Marekani miaka na miaka, wanasafirishwa kutoka huku huku kwetu. Mtoto wa Ujerumani anamjua samaki wa Kigoma kwa jina, halafu mwanafunzi wa Dar hajawahi kumwona samaki yeyote akipumua zaidi ya yule wa feri aliyeko kwenye barafu, ambaye hapumui. Hapo mzungu ni nani?

Ila kuna jambo moja nalikubali kwa wote: samaki hastahili kuwa kipimo cha kazi yako. Kuna mtu alinishauri niweke samaki kwanza nione kama wanaishi. Hapana. Tangi langu sasa linaoshwa, linajazwa upya, na maji ya bomba yenye klorini yanakaa wazi siku nzima kabla ya samaki yeyote. Na hata hapo nitaanza na samaki wawili watatu wadogo, chakula kidogo, maji yabadilishwe kidogo kidogo, kwa sababu bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi kuwa naitraiti kisha naitreti wanachukua kama wiki nne mpaka sita kujijenga. Ukijaza samaki kumi siku ya kwanza utawazika kumi.

Na mkihamisha tangi, maji yote nje. Usinyanyue tangi lenye maji hata robo, vioo vinajipinda na mishono yote uliyoihangaikia inafunguka. Waya wa pampu uuache unin'ginie chini kuliko soketi halafu ndiyo upande, ili tone likitembea kwenye waya lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye umeme. Hili nalisema kama mtu aliyewahi kuamka saa tisa usiku.

Wiki ijayo nalipeleka shuleni, mwalimu wa maabara ameshanipa meza iliyo mbali na dirisha la jua. Yule binti sasa yuko kidato cha tatu, na sijui kama hata anakumbuka alichouliza. Mimi nakumbuka.

Kwa leo naishia hapo, tesiti ya Jumatatu inaniita na sijafungua desa hata moja. Mwenye tangi linalovuja aje chumbani kwetu aazime nyembe zilizobaki, ila aje na subira yake mwenyewe, ya kwangu imeisha.

Naomba kuwasilisha.